Macho ya Mfaume

Temeke, Dar es Salaam
Jumamosi asubuhi

Basi dada Esha, pale barua iliyopita ilipokatikia nilikuwa nimefika kwenye gogo. Haikukatika kwa kupenda kwangu. Yule mwenzetu aliyekuwa anakuja Lindi alikuwa ameshajitwika mzigo, kasimama mlangoni, "Mama Fatu, meli haingojagi umbea," akaninyang'anya karatasi wino mbichi. Leo hakuna wa kunikimbiza. Mkeka nimeutandika hapa kibarazani, maharage yako motoni, ni mie na wewe mpaka kalamu ichoke yenyewe.

Kha! Hata kukuamkia sijakuamkia. Shikamoo dada. Hujambo wewe, shemeji hajambo, wajukuu hawajambo? Mama miguu yake vipi, yale majani unayomkanda nayo yamesaidia? Na nyani msimu huu wamewaachia hata gunzi? Sie huku wazima. Fatu yuko kwa mumewe Kimara, ana mimba ya pili, kanenepa mpaka pua. Baba Fatu mzima. Mie mzima, ila usingizi sinao, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Baba Fatu yupo hapo uani anagonga. Ko, ko, ko. Mie namsikia na yeye ananisikia, maana shule yangu unaijua, niliingia mlangoni nikatokea dirishani. Siwezi kuandika kimya. Lazima mdomo utangulie, kalamu ifuate nyuma kama mbuzi wa kuvutwa. Sasa hivi kanicheka, kaniuliza, "Unaandika au unagombana na mtu?" Nimemwambia naandika kwa dada yangu, wewe chonga.

Shemeji yako huyu ulimwona siku ya harusi tu, kakaa kama kigingi, na nyie nyuma ya nyumba mnanong'ona ati Somoe kaolewa na Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma asiye na ulimi. Ulimi anao, dada, ila kaufungia sandukuni. Kinachosema ni mikono.

Wachongaji wenzake wa huku barabara ya Kilwa hushika mkaa wakachora juu ya mti, hapa kichwa, hapa mguu, hapa mtungi wa maji, halafu wanafuata mstari. Kesho wanatoa mwingine hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, kama maandazi. Baba Fatu mkaa hashiki. Gogo likija hulilaza kivulini, hulimwagia maji lisipasuke, akawa analizunguka siku hata siku. Analipapasa kafumba macho kama kipofu anayetaka kujua uso wako. Analigonga na kifundo cha kidole, anasikiliza. Kuna gogo moja alilala nalo ubavuni, mie upande huu, gogo upande ule, nikamwambia, "Huyu mke mwenzangu mbona hapiki?" Mpaka siku yake ifike ndiyo anachukua tezo. Na ukimwuliza anachonga nini, anakujibu, "Sijui. Mti una mtu wake ndani. Mie kazi yangu kumvua nguo."

Na kama mle ndani hamna unachokitaka, basi hamna. Kuna tajiri wa Kihindi mwenye duka la vinyago mjini, alimwagiza simba kwa kuwa wazungu wanapenda simba. Baba Fatu kampelekea bibi kizee kabeba kuni. Tajiri kashika kichwa, "Fundi, simba iko wapi?" Baba Fatu kamjibu, "Hakuwemo." Basi, hakuwemo! Mie nilicheka mpaka nikakaa chini, ingawa jioni ile tulikula mchicha mtupu.

Sasa sikia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu wa nyumbani. Kazi ile hafanyi peke yake. Tunafanya wawili. Anakaa chini, gogo kalibana kati ya nyayo, na mie pembeni nachambua mchele au nasuka ukili, naongea. Mambo ya mtaa: nani kaachwa, nani karudiwa, nani kafumaniwa na nani kajifanya haoni. Yeye hajibu. Lakini nikinyamaza tu na tezo inanyamaza. Ananyanyua uso, anatoa neno lake moja: "Sema." Nikisema, mkono unakwenda. Mie miaka yote nilidhani ananipenda. Labda ananipenda. Ila yeye alivyonieleza, ati mti una sikio na mkono una sikio, mdomo wangu ndio unaovikutanisha. Jirani yangu Mama Tatu, Mzaramo muuza vitumbua, mtani wangu huyo, aliposikia alipiga makofi: "Kumbe umbea una kazi! Mume wangu mie angeshachonga dunia nzima na mbingu zake."

Haya, gogo. Lililetwa na mchoma mkaa mmoja anayetokea msitu wa Kinyerezi. Mpingo mfupi, mnene, umepinda pale juu kama mtu kageuza shingo. Kasema hakuukata. Aliukuta umeanguka wenyewe, mizizi juu, shimo wazi, na siku hizo hakukuwa na upepo wala mvua. Baba Fatu kauweka chini, kaupapasa kidogo tu, mara kaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

Nikamwuliza, "Vipi?"

"Huyu ana haraka," kasema.

Hakumlaza kivulini, hakumzunguka. Alianza siku ile ile, na mie nikakaa pembeni na ukili wangu nikaanza kuongea kama kawaida. Niliongea habari za bwana afya aliyekuja kukagua vyoo akatumbukia mguu mmoja. Niliongea habari za mimba ya Fatu, habari za Mama Tatu na mwenye nyumba wake. Naapa kwa mama aliyenizaa, habari za Mfaume sikuongea.

Unajua sisemagi. Tangu waliporudi wenzake kutoka vitani Bama, kule Mwingereza alikowapeleka kupigana na Mjapani, wakashuka melini na makoti yao na vikombe vyao vya bati, yeye asishuke, na hakuna aliyekuwa na la kutuambia ila kwamba alionekana mara ya mwisho anavuka mto. Mama kasimama uwanjani mbele ya watu, unakumbuka? "Atakayesema mwanangu kafa, huyo ndiye aliyemuua." Basi tukanyamaza. Wewe ukanyamazia huko, mie nikaja kunyamazia huku. Watu wa Temeke wanajua mpaka siku niliyoota jino la kwanza, lakini hawajui kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Baba Fatu mwenyewe alijua jina tu. Siku ya harusi yetu Mfaume alikuwa mkongeni Tanga, na aliporudi nyumbani kumwoa Zuhura sie tulikuwa tumeshahamia huku. Hawakupata kuonana hawa wawili.

Basi siku moja natoka kisimani, debe kichwani, naingia uani. Kichwa kilikuwa kimeshatoka kwenye mti. Kimeinama upande wa kushoto, hivi, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, na mdomo umebetuka kidogo kama wa mtoto aliyeficha kicheko. Moyo ukaniambia kichwa hiki unakijua. Halafu nikaliona sikio. Dada, sikio la kushoto lina pengo, pale juu, pale pale alipong'atwa na yule tumbili siku tulipokuwa tunaamia mahindi yasiliwe, alipomkamata mkia akataka kumvisha kofia ya baba. Debe likaniponyoka, maji yote chini.

Baba Fatu kaniuliza, "Nani?"

Hakuuliza nini, dada. Kauliza nani.

"Hilo sikio umelikatia nini?"

"Sikulikata. Palikuwa na kifundo kibovu, kimedondoka chenyewe."

"Mie nilikusimulia habari ya sikio?"

"Hujasimulia."

"Labda usingizini?"

Kafikiri. "Labda. Unaongeaga sana usingizini."

Mama Tatu alisikia kishindo cha debe, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeanguka. Ikabidi nimwambie, mara yangu ya kwanza kulitaja jina la Mfaume katika mji huu. Akakitazama kinyago, akanitazama mie, akasema, "Shoga, mtu mwenye mdomo kama wako, lile moja usilolisema ndilo linalotafuta mlango. Limekosa kwako, limetokea mkononi kwa mumeo." Alitaka kufanya utani. Alipomaliza akajiziba mdomo mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile nyumba si ile. Sikutishi, wala hakuna kinachotembea. Desturi ya kwao Baba Fatu, kinyago kisichokwisha hakiachwi wima jua likizama. Wanasema mtu wa kwanza alichongwa mti, akasimamishwa, kulipokucha akawa mtu. Kwa hiyo kila magharibi hukilaza chini akakifunika kanga yangu ya kisutu. Hiyo nimeizoea, wamelala humu vinyago wengi na sijapata kugeuza shingo. Lakini huyu! Kuku wangu yule mwekundu asiyeheshimu mtu, anayeparua mpaka juu ya mkeka wa kuswalia, huyu anampitia mbali. Jua la mchana linawaka kila mahali, lakini ukipita pale unahisi kama umepita mbele ya mlango ulio wazi. Mama Tatu siku moja kapita na sinia lake kichwani, kaita kwa furaha zake, "Hodi wenyewe! Hamjambo? Na mgeni wenu hajambo?" Na mie nikajisikia najibu, "Hajambo." Tukatazamana. Siku hizi vitumbua ananipitishia mlango wa nyuma.

Haya yote ningeyacheka, unanijua. Kilichonivunja miguu ni sahani.

Mchana mmoja nimepika ugali na kisamvu, nimepakua, nimeweka mkekani, nimenawa. Baba Fatu hanawi. Anatazama tu. Nikatazama na mie. Sahani tatu. Ya kwake, ya kwangu, na ya tatu imepakuliwa vizuri kuliko zote, na ukoko umewekwa pembeni kama alivyokuwa anapenda yule. Ni mkono wangu uliopakua, mwenyewe sikuwapo. Baba Fatu, mtu asiyesema, akasema taratibu kabisa:

"Mama Fatu. Huyo hali."

Nililia, dada. Nililia kwa sababu nilimwona mama. Tunavyomsemaga mama na sahani yake ile, kila jioni anamtengea Mfaume, asubuhi chakula kinaliwa na kuku, tukadhani ni ubishi wa uzee. Kumbe mtu haanzi kwa kutaka. Unaikuta imeshapakuliwa. Siku ile ndiyo nikamweleza Baba Fatu kila kitu, Mfaume, mto, mama, Zuhura. Alisikiliza mpaka chakula kikapoa. Ile sahani ya tatu aliifunika kawa, hakumpa kuku.

Sasa macho. Yeye huyaacha mwisho. Kazi nzima imekwisha, mabega, mikono, miguu, hata shimo la kifuani kalisafisha, maana mpingo ule katikati ulikuwa mtupu. Nilimwambia alizibe, kakataa, "Hapo ndipo alipopitia kutoka." Lakini usoni pana mabonde mawili tu. Kachukua ile patasi ndogo ya macho, kaiweka. Kaichukua, kaiweka. Kagonga kwa kidole, kaweka sikio pale.

"Kanyamaza," kasema.

"Basi fanya unavyojua, si wewe fundi?"

"Sijui. Mpaka hapa nilikuwa nashikwa mkono. Hapa nimeachiwa. Huyu si mti wangu tena, ni wako. Sema. Kafumbua au kafumba?"

Nikamwuliza kuna tofauti gani. Kasema akifumbua ni mtu wa njiani. Tajiri atampeleka dukani, mzungu atamnunua, atapanda meli aende asikokujua, kama alivyokwenda. Akifumba hauzwi. Atambeba mwenyewe begani mpaka Kinyerezi, kwenye lile shimo mizizi ilikotoka, amlaze, amfukie.

Na tajiri alikuwa ameshakuja kumwona. Kamzunguka, hakugusa, mtu yule anayegusaga kila kitu. Kasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hii mimi nachukua hivi hivi, bila macho." Baba Fatu kamjibu, "Hajakwisha," halafu kanitazama mie, siyo tajiri.

Basi nikasema, "Fumbua." Nilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. Kashika patasi, kaiweka kwenye bonde la kulia, kagonga. Ikateleza! Mpingo haukuchukua hata mkwaruzo, patasi imemchana kidole gumba. Akakitia kidole mdomoni, wala hakukasirika.

"Neno hilo siyo lako," kaniambia. "Hilo la mama yako. Niletee lako."

Na mie, dada, mie Somoe niliyeitwa kasuku tangu chuo cha Kurani, nikakosa neno. Sikusema lolote siku ile, hata umbea, wala siku ya pili yake. Tezo nayo kimya, uani kimya. Mama Tatu akaja akachungulia juu ya ukuta wa makuti: "Nyie, mmekufa? Nimeunguza vitumbua sinia zima kwa kusikiliza kimya chenu!"

Ndipo barua yako ilipofika. Shemeji anayekusomea hapa ashushe sauti, mama asisikie. Umeniandikia kwamba yule fundi cherehani kaleta posa kwa Zuhura mara ya pili, na mama kamtoa mbio na mchi mkononi, "Mke wa mtu haposwi!" Na Zuhura kaingia ndani, hakulia, akaanza kufagia chumba kilichokwisha fagiwa. Umesema kutolia kule ndiko kulikokutia hofu. Na mie kumenitia. Mie namkumbuka Zuhura yule uliyenieleza alipoletwa kwetu, kicheko chake kinafika mlangoni kabla ya miguu. Sasa unaniambia nywele zimeingia mvi chini ya ushungi, na bado si mjane, wala si mke.

Na mjomba kasema yuko tayari. Hitima itasomwa, matanga yatakaliwa, Zuhura ataingia eda. Lakini kwa desturi yetu matanga ya mtu asiye na kaburi hayakaliwi mpaka watoto wa tumbo moja wamesema kwa kinywa kimoja. Mmoja akinyamaza, mlango haujafungwa. Wewe umeshasema. Limebaki langu. Uliniuliza barua ya juzi nikakujibu habari za doti za kanga na bei za Kariakoo. Ukaniuliza tena, nikakueleza gogo, na gogo lenyewe nikalieleza nusu.

Nilikuwa naogopa nini? Mama. Nikisema kafa, mie ndiye niliyemuua, kasema mwenyewe mbele ya watu. Nikisema yu hai, Zuhura anazikwa mzima, na anayemwagia udongo ni mie. Nikasema bora ninyamaze. Kumbe na kunyamaza kunapakua sahani.

Leo asubuhi Baba Fatu kaamka, kamfunua kanga, kakaa naye. Hakuniambia sema. Nilipotandika mkeka huu na kushika kalamu ndiyo akaanza kugonga pale chini kwenye kikalio, kazi ya kupoteza muda tu, naijua. Nilipoandika habari ya tumbili na kofia ya baba nimemsikia kacheka peke yake. Nilipofika kwenye sahani kasimama kidogo, halafu ko, ko, kaendelea. Kwa hiyo anasikia. Barua yote hii, dada, nimekuwa nakuandikia wewe, na yeye anaipokea kule na vidole.

Ngoja.

Mlio umebadilika. Ile ko, ko imekwisha. Sasa ni ti, ti, ti, kama ndege anayedonoa punje juu ya bati. Hiyo ni patasi ndogo. Na mie neno sijalisema! Sijui kasikia nini. Sijui kama yeye kanisikia mie, au mie ndiye ninayemsikia yeye, au sote wawili tunamsikia yule aliye katikati.

Basi acha niseme kabla sijatanguliwa. Shemeji, hapa pandisha sauti, mwite mjomba, mwalimu wetu wa Kurani naye awepo. Mie Somoe, mtoto wa pili wa tumbo la mama, nasema hivi. Mfaume wetu kafa. Kafa huko huko Bama, hatujui kama palikuwa na jua au palikuwa na mvua, hatujui nani alimfumba macho. Kafa, Mungu amrehemu. Kama aliyesema ndiye muuaji, mama aniite mie, nina mgongo mpana. Zuhura aingie eda, aimalize, aolewe na fundi wake, akachekee mlango mwingine.

Na sahani ya mama msiinyang'anye. Jioni ya matanga mwacheni apakue kama kawaida yake. Akishaiweka, wewe dada kaa karibu yake, usimkaripie, mwambie taratibu kama shemeji yako alivyoniambia mie: mama, huyo hali. Halafu iwekeni katikati, mle nyote kwenye sahani ile mpaka iishe, na mama naye ale. Lile tonge la mwisho apewe Zuhura.

Kinyago hakiji huko, usihofu. Mwalimu angetufukuza, sie na kinyago chetu. Atakwenda Kinyerezi, na mie nitakwenda nyuma yake na jembe.

Ti, ti, ti. Bado anagonga.

Nisalimie mjomba, mwenye subira na desturi zake. Nisalimie shemeji kwa kuvumilia mwandiko huu wa kuku. Nisalimie shangazi yetu mwenye kisima, mwambie ndoo yake niliyoivunja utotoni bado naikumbuka. Wifi Zuhura mwambie nimemwekea doti ya kanga, itakuja na meli, asiifungue mpaka eda iishe, na akiivaa acheke kwanza ndipo atoke nje. Mama nimemweka mwisho. Mshike miguu yake ile miwili, dada, mkande, na ukiwa unamkanda mwambie mwanawe Somoe hajamuua mtu, ila

Kumenyamaza uani.

Kumenyamaza kabisa. Hata yule kuku mwekundu.

"Mama Fatu!"

Naandika, namwambia. Ngoja kidogo.

"Acha karatasi. Kafumba. Njoo na kanga."

Naitwa, dada. Ni mie mdogo wako Somoe. Nakwenda.